Mama Alipofundishwa Kusema Sina

Mama yangu alibakiwa na watoto wawili, lakini wageni walipokuja nyumbani kwetu, huku juu njia ya Mlola, aliwapokea kwa maneno haya: "Karibuni, ingawa nyumba hii haina mtu." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na sinia la chai. Maji ya chai hiyo nimeteka mimi, kuni nimechanja mimi, maziwa nimekamua mimi. Haina mtu. Wageni waliona haya kwa niaba yangu, wakapokea vikombe bila kuniangalia usoni.

Mtu, kwa mama, alikuwa kaka yangu. Aliondoka kijana, akashuka Mombo na begi moja, akafika Sauzi, na hakurudi tena kwa miaka ishirini na miwili. Sitamsingizia kwamba alimsahau mama. Alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada na alituma alichoweza. Shida yake ilikuwa makaratasi. Kibali chake kiliisha zamani, akazembea, na mtu wa namna hiyo akitoka kwenye ile nchi anafungiwa kurudi kwa miaka. Kule ana mke, ana watoto, ana karakana ya kuchomelea mageti. Basi akakaa. Na mama akaendelea kuitwa kwa jina lake. Kanisani, sokoni, kwenye kikundi cha akina mama, yeye ni Mama Fulani, na huyo Fulani ni kaka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Kiingereza. Niliolewa kule chini Mazinde, ndoa ikanishinda, nikapanda mlima na sanduku langu. Tangu hapo aliyemkanda mama miguu ilipovimba ni mimi, aliyempeleka hospitali ni mimi, na aliyeambiwa uji una mabonge ni mimi. Sijisifu. Nasema tu ili ijulikane nani alikuwa akifanya nini.

Kuna jambo la utotoni ambalo nilikuwa nalo moyoni kama mwiba wa zamani. Kati ya kaka na mimi walizaliwa wawili, wote wakafa wachanga. Nikaja mimi. Mgeni akinisifu, akisema huyu binti ana macho mazuri, mama alinivuta karibu, akanishika mkono na kujibu, "Huyu si wangu, nimemwokota bondeni kwenye migomba." Watu wanacheka. Kaka hakuambiwa hivyo hata siku moja. Nililia chooni mara nyingi kwa sababu ya ile migomba.

Mwaka juzi, ofisini shuleni, mwalimu mwenzangu aliyetoka kutembea huko alisema Mtanzania haombi viza kwenda Sauzi. Unakwenda kama mtalii, unagongewa muhuri uwanjani, unakaa mpaka siku tisini. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama. Alikuwa anachambua maharage. Aliacha, akafuta mikono kwenye khanga, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nina miaka sabini na minane. Nikimwona kwa macho, nikamshika kichwa, basi. Hata nikifa kwenye ndege ya kurudi sitadai kitu."

Ni mara chache alikuwa akiniita mwanangu, na hapo aliniita kwa sababu ya kaka. Nililiona hilo vizuri kabisa.

Watu wakisikia "bila viza" wanadhani mlango uko wazi. Nilisoma kwenye simu wiki nzima, nikaandika masharti kwa kalamu ya wino mzito kwenye kadi ya manila kama ninavyofanya darasani, nikaibandika ukutani sebuleni. Pasipoti yenye muda wa kutosha na kurasa tupu. Tiketi ya kwenda na kurudi. Uthibitisho wa mahali pa kulala. Fedha za kujikimu. Sababu ya safari. Mama, ambaye anasoma Biblia tu na kwa shida, alinitaka nimsomee yote mara mbili.

"Kama hawataki viza," akasema, "mbona wanataka vitu vyote hivi?"

"Wanataka kila kitu isipokuwa viza," nikamjibu.

Pasipoti ilitusumbua kwa sababu ya vidole. Mashine haikusoma alama zake, jembe limezifuta. Kijana wa ofisini alimpaka mafuta, akamfuta, akamkandamiza kidole kimoja kimoja hadi ikakubali, na mama akamshukuru kwa sauti ya kanisani. Kurasa tupu alikuwa nazo zote. Tiketi kaka alikata mwenyewe, mbili, maana mama peke yake asingeweza. Tiketi ya kurudi ilimkera. Alisema kumkatia mtu siku ya kuondoka kabla hajafika ni kumfukuza.

Tukakwama kwenye mahali pa kulala. Ukisema unafikia kwa ndugu, huyo ndugu aandike barua na aambatanishe nakala ya kibali chake. Kaka angeambatanisha nini? Kwa hiyo tukapanga chumba cha hoteli kwenye karatasi, na mama akawa mtalii.

Watalii alikuwa anawajua. Wanapita njia ya juu na fimbo zao mbili mbili, wanakwenda kuangalia bonde, wakimkuta shambani wanaomba kumpiga picha. "Yaani na mimi nikatembee nikapige picha maharage ya watu?" aliniuliza. Nikamwambia ndiyo, na kamera utapewa. Tulicheka siku hiyo. Nakumbuka tulicheka kweli.

Halafu nikamwambia jambo la mwisho. Pale mlangoni, kwenye dawati la uhamiaji uwanjani, wataulizia ndugu. Wakiuliza, "Una mtoto huku?" jibu ni moja: sina.

Akasema hawezi.

"Ni neno tu, mama."

"Siyo neno tu. Mtoto usiyemwona humkani kwa mdomo wako. Njia yake inafungika. Bibi yako alinifundisha hivyo, na wewe mwalimu hukufundishwa?"

Nikamwambia asiyekana hapiti. Nilisema hivyo hasa, kwa maneno hayo, na nikarudia ili aelewe: pale mlangoni asiyekana mtoto hapiti. Achague, aseme sina halafu amwone, au asiseme abaki Mlola na jina lake.

Tukaanza mazoezi. Kila jioni kabla jua halijazama nilitoa meza uani, nikakaa kwenye stuli na kalamu, yeye akasimama mbele yangu na mkoba wake mweusi wa kanisani. Unatoka wapi? Tanzania. Umekuja kufanya nini? Hapo nilimfundisha neno la Kiingereza, akalitamka "turizimu", na akalipenda. Utakaa siku ngapi? Wiki tatu. Una mtoto huku?

Siku za kwanza alitazama chini. Siku nyingine alijibu, "Mungu anajua." Mara moja alilia, na mimi nikagonga meza kwa kalamu nikamwambia ofisa hana muda wa machozi. Wiki ya pili akasema. Alisema kwa sauti ndogo sana, "Sina."

"Sikusikia," nikamwambia.

"Sina."

"Sina nini?"

"Sina mtoto huku."

Nitasema ukweli kwa sababu sina wa kumficha. Niliburudika. Miaka ishirini na miwili ya Mama Fulani, Mama Fulani, na sasa yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, uani kwangu, anasema hana huyo Fulani. Alikuwa ameshajua, hakuhitaji mazoezi tena, lakini nilimrudisha kila jioni. Tena, mama. Kwa sauti, mama. Jirani yetu alipita siku moja akasikia, akaniambia, "Wewe mwalimu una roho ngumu." Nikamjibu aendelee na safari yake.

Tulisafiri mwezi wa saba, wakati huku kwetu ukungu haunyanyuki hadi saa nne. Mama alivaa koti la marehemu baba. Nilimkataza kubeba maharage, nikamkataza siagi, nikamkataza miche ya pichi aliyokuwa ameivika matope na kuifunga kwenye jani la mgomba, maana mtalii habebi miche. Aliiacha kwa jirani, akamwagiza aimwagilie. Ndani ya ndege alinishika mkono tangu Dar hadi tunatua. Hakuuachia hata alipokula.

Tukafika mlangoni. Foleni ilikuwa ndefu, mama akakataa kiti cha magurudumu kwa sababu, alisema, wakimwona mgonjwa watamrudisha. Ofisa aliyetuita alikuwa binti, umri wa wanafunzi wangu wa zamani, amesuka nywele vizuri. Mama alisimama mbele yake kimya. Nilijua anangoja nini: anangoja shikamoo, kwa sababu mdogo ndiye anayeanza. Nikamnong'oneza kwamba huku haipo. Akashangaa, lakini akatabasamu.

Yule binti aliuliza kwa Kiingereza, mimi nikageuza kwa Kishambaa, lugha yetu ya nyumbani. Katika ukumbi ule wote, naapa, hapakuwa na mwingine anayeijua. Umekuja kufanya nini? "Turizimu," mama akasema mwenyewe, na binti akacheka kidogo, akachukua pasipoti, akafungua ukurasa. Mtakaa wapi? Nikatoa karatasi ya hoteli. Siku ngapi? Wiki tatu. Muhuri alikuwa ameshaushika. Akauliza akiwa anatazama chini, kama mtu anayemalizia, "Mna ndugu yeyote huku? Mama ana mtoto huku?"

Nikageuza. Jibu lilikuwa tayari kinywani kwangu, nilikuwa nimelifundisha wiki tatu.

Mama akanitazama. Alinibana mkono hadi pete ikaniumiza. Kisha akamwangalia yule binti, akasema kwa Kishambaa, polepole, kwa ile sauti ya uani:

"Mwambie huyu siyo mtoto wangu. Ananisindikiza tu. Sina mtoto wa kike. Mtoto wangu ni mmoja, yuko huku kwenu, na nimekuja kumwona."

Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema, "Anasema hana." Neno moja, muhuri ungeshuka, na kaka alikuwa nyuma ya mlango ule na mkewe na watoto. Nililijua hilo wakati ule ule, sikuchanganyikiwa wala sikupitiwa. Ila kichwani mwangu kulikuwa na sinia la chai na wageni na migomba, miaka yote hiyo, na damu ikanipanda.

Nikatafsiri. Neno kwa neno. Huyu siyo mtoto wangu, ananisindikiza tu, sina mtoto wa kike, mtoto wangu ni mmoja, yuko huku kwenu, na nimekuja kumwona.

Binti aliinua macho. Alitazama pasipoti zetu mbili, akaona jina la ukoo ni lile lile. Akatazama karatasi ya hoteli. Akashusha sauti, akaniuliza kwa upole ambao sikuutarajia, "Dada, mama ana matatizo ya kumbukumbu? Bibi yangu naye yuko hivyo, anatukataa sote nyumbani." Muhuri bado ulikuwa mkononi. Alikuwa ananifungulia mlango kwa mikono yake mwenyewe, mtoto wa watu.

"Hapana," nikasema. "Mama ana akili timamu."

"Na huyo mtoto wake ana kibali?"

"Hana."

Hilo la mwisho mama hakulisema. Hilo niliongeza mimi.

Binti akauweka muhuri chini, akamwita mkubwa wake. Sitawalaumu, walifuata sheria yao. Tulipelekwa kwenye chumba chenye viti vya chuma, wakaandika, wakapiga mihuri mingine isiyo ile tuliyoifuata, wakasema ndege ya kurudi ni asubuhi. Mama aliniuliza wanasemaje. Nikamwambia wanasema tusubiri. Akakaa kitako, mkoba magotini, akiangalia mlango kila ulipofunguka.

Kaka alipiga simu, nikasogea mbali na mama kuipokea. Alikuwa ukumbi wa nje, wa kupokelea wageni, na blanketi, kwa sababu nilimwambia mama anaona baridi. Nikamwambia mama amekataliwa na wanajua habari zake yeye, aondoke hapo haraka na asirudi. Aliuliza, "Siwezi hata kumwona kwa mbali?" Nikamwambia ondoka. Nilisikia mtoto wake akiuliza kitu kwa Kizulu, kisha simu ikakatika. Mama alitaka kujua nani alikuwa anapiga, nikasema ni watu wa hoteli.

Alielewa asubuhi, walipotupandisha ndege. Hakupiga kelele. Alifunga mkanda kama nilivyomwonyesha, akanishika tena mkono, na tulipokuwa juu ya mawingu akaanza kuzungumza, huku akitazama kiti cha mbele.

"Nimekosea wapi? Uliniambia asiyekana mtoto hapiti. Nikakana."

Akaendelea, bado amenishika mkono.

"Yule nisingeweza. Simwoni, nikimkana gizani anapotea. Wewe nilikuwa nimekushika mkono. Nikikukana nimekushika, hupotei. Ndivyo nilivyokutunza tangu mchanga, baada ya wale wawili. Kila mtu alipokutazama nilisema si wangu, nimeokota. Na ukabaki. Wewe ndiye niliyekuwa naogopa kukusema ni wangu."

Akafikiri kidogo, akaongeza, "Labda ningesema kwa sauti zaidi."

Nilitazama dirishani. Nilikuwa na miaka hamsini na moja na sikujua pa kuweka uso wangu. Yeye akadhani nalia kwa uchungu wa kurudishwa, akanipigapiga mkono, akaniambia hongea, ndiyo asante ya kwetu. Hongea, mwanangu, umejitahidi kunisemea.

Ni mwaka sasa na zaidi. Kaka alihama siku ile ile akiogopa kutafutwa, akaacha karakana, akabadilisha namba. Alipiga kutoka mji mwingine mara mbili, akanishukuru kwa jinsi nilivyompigania mama, kisha akanyamaza. Jumapili baada ya ibada mama anaweka simu mezani, kioo juu. Miche ya pichi jirani aliirudisha, tukaipanda nyuma ya jiko, na mmoja umeshika.

Wageni wakija anawasimulia safari yote, ndege, vyakula vyake, yule binti asiye na shikamoo. Anawaambia, "Wale watu wana roho mbaya, lakini huyu mwanangu alisimama mbele ya serikali yao akanitetea hadi akatokwa machozi. Nyumba hii ina mtu." Ananionyesha kwa kidole, mbele yao wote, bila woga tena, na mimi nimesimama na sinia. Nilitaka kuyasikia maneno hayo tangu nikiwa na miaka minne.

Kadi ya manila bado iko ukutani. Hajui ile mihuri waliyompiga ina maana gani, kwamba mlango ule umeshafungwa kwake, na mimi sijamwambia. Anaamini kosa lilikuwa lake, kwamba alikana mtoto asiye sahihi. Jioni, akimaliza kuchambua maharage, ananiita nitoe meza. Nikichelewa anaitoa mwenyewe, anaiburuta hadi uani, anasimama mbele yake na mkoba mweusi.

"Niulize," ananiambia.

Namuuliza unatoka wapi, umekuja kufanya nini, utakaa siku ngapi. Anajibu yote. Namuuliza, "Una mtoto huku?"

"Sina," anasema, kwa sauti kubwa, bila kutazama chini. "Nimepatia?"

Namwambia amepatia.